Jinsi Tulivyohamisha Mawe ya Kiwanja cha Mama Nekesa

Vijana wa idara ya bustani, mliponiaga mwaka jana mlinipa saa ya ukutani na kalamu. Saa nimeitundika. Kalamu imekaa mezani miezi mitano ikinitazama, kwa sababu mimi shule niliacha darasa la tatu, nikiwa nimejifunza kuandika jina langu, kusoma Agano Jipya polepole na kumkimbia mwalimu haraka. Lakini yule mmoja wenu anayekuja kunisalimia Jumamosi ameniambia, "Mzee Mwanzia, andika tu vile unaongea." Basi naandika vile naongea, na nikipotea njia mnivumilie, mmezoea.

Mambo ya vyeo sitaandika. Niliingia nikiwa mtu wa jembe, nimetoka nikiwa mtu wa jembe mwenye ufunguo wa stoo.

Niliingia mwanzo wa miaka ya sabini. Kabla ya hapo nilikuwa utingo wa lori la mchanga, barabara ya Machakos, kazi ya kula vumbi asubuhi na kulitema jioni. Siku ya kwanza kwenye kitalu cha miche nilikuja na viatu vyeusi nilivyopaka rangi mpaka nikajiona sura. Mkubwa wa kitalu alikuwa Mzee Ambani, mtu wa Maragoli, mfupi, kofia yake ya majani imetoboka juu kabisa mahali ambapo kofia inahitajika. Aliviangalia viatu vyangu kwa muda mrefu.

"Hivyo ni vya arusi au vya mazishi?" akaniuliza.

"Ni vya kazi, mzee."

"Basi vivue, tuanze kazi."

Nikavua. Akanisimamisha kwenye tuta la udongo nikiwa miguu mitupu, akaniuliza kama nasikia baridi au joto. Nikasema baridi. Akauliza baridi ya maji au baridi ya kivuli. Nikasema sijui. Akasema, "Sawa, kaa hapo mpaka ujue," akaenda kunywa chai. Nilikaa nusu saa. Nyinyi mnacheka, lakini mpaka leo hakuna mtu anayeweza kunidanganya kwamba amemwagilia tuta ambalo hajamwagilia. Mguu unajua.

Kwa siku tatu hakuniruhusu kugusa mche hata mmoja. Nilichanganya udongo tu: karai tatu za udongo mwekundu, moja ya mchanga, moja ya samadi iliyokaa mpaka haina harufu. Samadi mbichi inaunguza mizizi, hilo mnalijua. Miche tuliiotesha kwenye mikebe mitupu ya mafuta ya kupikia, tumeitoboa chini kwa msumari. Na kila mtu alikuwa na keni yake ya kumwagilia, ile yenye kichwa cha matundu. Keni ya Mzee Ambani hakuna aliyeishika. Mke wake aliniambia siku moja kwamba hata yeye hajawahi kuishika, na walikuwa wameoana miaka ishirini na sita.

Baada ya mwaka na nusu nikapelekwa Eastlands, mitaa ya wafanyakazi kando ya Jogoo Road, upande wa Makadara. Nilikuwa peke yangu, na fyekeo, jembe, keni na wilibaro yenye gurudumu la kelele. Mtaa mzima ulijua nimefika kabla sijafika. Watu wa pale walikuwa wa reli, wa kaunsil ya jiji, makarani, madereva, na ndugu zangu Wakamba wachonga vinyago. Kila familia chumba kimoja au viwili, bomba la maji la pamoja, na mlango kutazamana na mlango.

Sasa nitasema jambo ambalo watu wa ofisini hawaliamini. Mimi sikuwafundisha watu wale kupenda maua. Niliwakuta wameshaanza. Mbele ya kila nyumba kulikuwa na kipande cha ardhi kama mkeka, na kwenye kile kipande mama amepanda waridi ndani ya karai lililotoboka. Maji ya bomba yalikuwa ya shida, kwa hiyo walimwagilia kwa maji ya kuoshea vyombo. Laini ya tatu, yaani safu ya tatu ya nyumba, ilishindana na laini ya nne. Laini ya nne wakipaka milango rangi ya kijani, laini ya tatu wanapaka ya buluu na kuongeza na madirisha. Jumamosi mchana watu walitoka na majembe na mafagio bila kuitwa na mtu, akina mama wa kanisa wakiimba, na wewe uliyeketi kivulini unaona aibu mpaka unasimama. Mchonga vinyago mmoja alichonga kibao cha kuwaambia watu wasikanyage maua, akaweka na picha ya kifaru ubavuni. Nikamuuliza, kifaru cha nini? Akasema kifaru ndicho anachokijua vizuri, watalii wanakinunua.

Mbuzi nao walikuwepo, nao hawasomi vibao. Lakini habari za mbuzi nikianza hatutamaliza.

Nyuma ya laini ya nne palikuwa na kiwanja kitupu. Zamani pengine kiliachwa kwa kazi fulani, ila kazi yenyewe ilisahauliwa na takataka zikaingia. Chupa, mabati, magurudumu, mbwa aliyekufa. Na madereva wa malori walikuwa wameshaandika barua kuomba pawe mahali pao pa kuegesha. Mimi niliyekuwa utingo najua, lori likishaingia mahali halitoki, linazaa mengine.

Hapo ndipo Mama Nekesa akaingia katika maisha yangu. Alikuwa mama wa Kibukusu, mume wake yuko reli, watoto sita, chumba kimoja. Mwili wake ulijaza mlango. Alinikuta nafyeka, akasimama mbele ya fyekeo.

"Wewe ndiye wa maua?"

"Ndiyo, mama."

"Watoto wangu wanacheza barabarani. Juzi baiskeli imegonga wa tatu. Wa nne anataka kugongwa pia, naona vile anacheza. Nataka hicho kiwanja."

"Mama, mimi si mwenye kiwanja."

"Nimejua. Wewe una viatu vya mpira. Nipeleke kwa mwenye viatu vya ngozi."

Nikampeleka. Mwenye viatu vya ngozi alikuwa msimamizi wetu, Bwana Njoroge, mrefu, mtu wa maneno machache, haki yake kama mizani ya duka. Alisikiliza. Akasema madereva wameomba kwanza, lakini madereva hawajafagia hata chupa moja. Akasema, "Mama, nakupa miezi minne. Nikija nikute maua, kiwanja ni cha watoto. Nikikuta takataka, malori yanaingia. Na sheria ni moja: chakula hakipandwi kwenye ardhi ya umma. Nikikuta mahindi, usiniambie ni mapambo."

Mama Nekesa akasema amesikia. Kusikia alikuwa amesikia kweli.

Miezi minne ile ndiyo miezi niliyofanya kazi nzuri kuliko yote, na nusu yake sikufanya mimi. Siku ya kuzoa takataka walitoka watu wengi hata wilibaro yangu ikachukuliwa sikuiona mpaka jioni. Tulilima tuta kubwa la mbele, upande wa barabara. Nikapanda maua, marigoldi na zinia, miche ya Mzee Ambani mwenyewe, aliyonitolea mmoja mmoja kama mtu anayeoza mabinti. Nyuma ya tuta tukapanda ukuta wa kana, yale maua marefu yenye majani mapana kama mgomba mdogo. Nyuma ya kana pakabaki ardhi mpaka kwenye kamba za kuanikia nguo, na katikati nyasi za watoto.

Sasa, ile ardhi ya nyuma ya kana. Mimi nilijua. Pua yangu inajua saga, ile mboga chungu ya majani, ina harufu yake. Asubuhi moja nilichungulia nikaona saga, kunde, terere jekundu, yaani mchicha, na maboga mawili yanatambaa. Mama Nekesa na wenzake walikuwa wamefanya shamba. Nilitakiwa kwenda kuripoti. Badala yake nilijiambia kwamba macho yangu yana shida, na kuanzia siku hiyo nikawa namwagilia mbele tu. Nyuma walimwagilia wenyewe, kwa maji ya vyombo, na kana nazo zikapata humo humo. Mnaona naandika ukweli, nimeshastaafu, hamna la kunifanya.

Upande wa mapambo ulikuwa wa Mzee Odhiambo. Huyo alikuwa mpaka rangi wa reli, Mjaluo, msafi mpaka mtu anachoka. Alipiga pasi ovaroli. Reli ilimfundisha kwamba kitu chochote kisichotembea lazima kipakwe chokaa. Aliokota mawe ya saizi moja, aliyapima kwa kiganja, akazungusha tuta lote la mbele, kisha akayapaka meupe. Akapaka na mashina ya miti. Akapaka mguu wa bomba. Angepaka kuku kama kuku angetulia.

Bwana Njoroge alituma habari kwamba atakuja Jumatano saa nne asubuhi. Jumamosi iliyotangulia Mzee Odhiambo akaleta wenzake watano wa reli na gunia la chokaa, wakapaka kila kitu mara ya pili. Mtaa uling'aa. Jua lilipopiga ulifunga jicho moja. Jioni, watu wasafi, wakaosha brashi zao. Wakaosha na ndoo. Wakaosha ndani ya pipa langu la maji lililokuwa kando ya bomba, kwa sababu bomba lilikuwa limekatika tangu mchana na hawakutaka kuacha brashi zikauke.

Jumapili alfajiri nikaja mapema niwahi kanisa. Bomba lilikuwa limerudi na pipa limejaa. Maji niliona yana weupe. Lakini nyinyi mnajua, bomba likikatika na kurudi linatema maji kama maziwa, ukingoja kidogo yanatulia. Mimi sikungoja, nilikuwa na kanisa. Nikajaza keni, nikamwagilia tuta lote, majani na mizizi, kwa upendo. Jioni nikarudia.

Kwa hiyo nawaambia, kabla ya kumwagilia chovya kidole, halafu weka kidole ulimini. Ukionja chokaa mara moja hutasahau. Mimi nilionja Jumatatu, nimechelewa siku nzima.

Jumatatu majani yalikuwa yamepigwa madoa, ncha zimekunjamana. Jumanne mchana marigoldi zote zimelala na zinia zimekuwa rangi ya tumbaku. Nikakaa juu ya wilibaro. Mama Nekesa alikuja, akaangalia tuta, akaniangalia mimi, akaangalia tuta tena.

"Mwanzia, umewalisha nini?"

Nikamweleza. Mzee Odhiambo alikuwa amefika pia, ametoka kazini, akasikia neno chokaa na neno pipa, nikaona uso wake unashuka polepole.

"Ni sisi," akasema. "Brashi tulioshea humo."

"Ni mimi niliyemwaga," nikasema.

"Na mimi ndiye nitakayeishi na malori," akasema Mama Nekesa. "Mkimaliza kugawana dhambi mniambie. Kesho saa nne anafika mtu wa kukagua maua, na maua yamekufa, kana nazo bado ni majani tu. Kitu kinachochanua hapa ni..."

Sote watatu tukageuza shingo tukatazama ukuta wa kana. Nikasema mimi, "Mama, macho yangu yamepona. Hebu twende nyuma."

Nawaambia sijaona kitu kizuri namna ile. Saga ilikuwa imeachwa ikachanua, maua meupe madogo yenye ndevu, mamia. Terere limesimamisha mikia myekundu. Kunde zina maua ya zambarau, na maboga yamefungua maua ya manjano makubwa kama sahani. Na yote yalikuwa mazima, maana yalikunywa maji ya sufuria, si ya pipa langu.

"Tuyahamishe mbele," akasema Mama Nekesa.

"Mmea uliochanua ukiung'oa leo, kesho umelala," nikasema. "Mimea haihami."

Mzee Odhiambo alikuwa amesimama anakuna kidevu. "Mawe yanahama," akasema.

Tukamwangalia.

"Mbele ni wapi?" akauliza. "Mbele ni mahali mawe yapo. Kule reli, mgeni huenda anakopelekwa na mawe meupe. Tukiyazungusha huku nyuma, huku ndiko mbele."

Mama Nekesa akasema, "Mzee, kumbe umekuwa na akili siku zote na unatuficha."

Ilikuwa saa kumi na moja kasoro. Watu wa reli wanatoka kazini, makarani wanashuka, akina mama wanaanua nguo. Mama Nekesa akapaza sauti mara moja tu, na sauti yake haikuhitaji mara mbili. Laini ya nne ikatoka, kisha laini ya tatu nayo ikatoka, wakisema wamekuja kuhakikisha laini ya nne haiharibu. Watu wakapanga mstari, jiwe likatoka mkono hadi mkono, chokaa mikononi, chokaa kwenye nguo za ofisi. Karani mmoja alipitisha mawe bado amevaa tai. Tukafungua njia mpya kupita kwenye kamba za nguo, mawe pande zote mbili, tukazungusha shamba la Mama Nekesa. Mimi niling'oa maiti za marigoldi na kulainisha udongo wa tuta la mbele mpaka likaonekana kama limeandaliwa. Kile kibao cha kifaru nacho kikahama. Kabla jua halijazama tulikuwa tumegeuza kiwanja nyuma mbele.

Jumatano saa nne Bwana Njoroge akashuka. Nilimngoja kwenye kona, nikamwambia njia ni huku. Akapita katikati ya mawe, chupi za watu zikipepea pembeni maana mama mmoja alisahau kuanua. Akafika, akasimama mbele ya saga.

"Mwanzia."

"Bwana."

"Hii ni nini?"

Nilikuwa nimejipanga kusema jina la kizungu. Ningebuni moja. Lakini Bwana Njoroge alikuwa ananitazama, na mimi si hodari wa uongo nikitazamwa. "Ni saga, bwana. Na lile ni terere. Ni mboga. Lakini zimechanua."

"Ulisema ukikuta maua," akasema Mama Nekesa. "Hesabu mwenyewe, bwana mkubwa. Mimi nilishindwa."

Bwana Njoroge akazunguka kana akaenda kuliona tuta tupu. Akainama, akachukua udongo, akausugua kwa kidole, akaona weupe. Nikasema ni mimi niliyemwagilia chokaa. Mzee Odhiambo akasema hapana, ni yeye aliyeosha brashi. Nikasema kosa ni la mwenye keni. Akasema kosa ni la mwenye brashi.

"Nyamazeni," akasema Bwana Njoroge. "Mkitaka kesi, korti iko hapo Makadara." Akapangusa mikono. Akaangalia kiwanja, hakuna chupa, hakuna bati, nyasi zimekatwa, laini mbili za watu wamesimama na mikono meupe. "Maua nimekuta. Lakini sheria haijabadilika. Nitarudi baada ya wiki tatu. Tuta la mbele nikute mmepanda upya. Na mboga nisikute hata jani moja. Jani moja likibaki, sitaweka sahihi, na malori yataingia."

Akaenda zake, kwa njia ya mawe.

Vijana, kung'oa tungeweza kung'oa kwa nusu saa. Lakini Mama Nekesa alisema chakula hakitupwi, yeye akiwa hai hakitatupwa. Basi tukala. Saga iliyokwisha kuchanua ni chungu, lazima uichemshe, umwage maji, uweke maziwa, ulaze, na bado inakukumbusha dhambi zako. Mimi Mkamba wa kunde na mahindi nililetewa bakuli kila mchana. Wiki ya kwanza tulisifu. Wiki ya pili tulikula bila maneno. Wiki ya tatu watoto wa laini ya nne wakiona sufuria wanakimbilia laini ya tatu, na laini ya tatu wanakuta ni terere. Mzee Odhiambo alikula kwa uma na kisu, akisema anamaliza adhabu yake. Huku mbele mimi natoa udongo wenye chokaa, naingiza mpya kwa karai, na Mzee Ambani alikuja mwenyewe na miche, akanitazama, akaonja maji ya pipa kwa kidole mbele ya watu wote.

Siku ya mwisho tuta la mbele lilikuwa limeshika, mawe yamerudi, nyuma ni udongo mtupu uliofagiliwa. Bwana Njoroge akaja. Akatembea polepole, mikono nyuma, anaangalia chini. Alipita kana, akapita kamba za nguo, anaelekea kwenye bomba. Hapo nikaona. Chini ya bomba, penye unyevu, terere moja limeota, jekundu, fupi, majani manne.

Mama Nekesa naye aliliona. Sijui mtu wa mwili ule alifikaje pale kabla ya miguu mirefu ya Bwana Njoroge. Aliinama kama anayefunga bomba, na alipoinuka mkono ulikuwa mdomoni.

Bwana Njoroge akasimama mbele yake. Mama Nekesa anatafuna.

"Mama, unatafuna nini?"

Alitafuna. Mtaa mzima ulimngoja. Shingo ikapanda, ikashuka.

"Hakuna kitu, bwana."

Bwana Njoroge akaangalia chini ya bomba, akaangalia kiwanja chote kutoka kona hadi kona. Nadhani mdomo wake ulitaka kucheka, lakini haukuwa na mazoezi. Akatoa karatasi, akaiweka juu ya pipa langu, akaanza kutia sahihi. Hajamaliza jina, mpira wa matambara ulipita katikati ya miguu yake, na nyuma yake watoto sita wa Mama Nekesa, wa nne ndiye wa mbele.